Mama wa Wajibu

Riyadh

Kwako Mama Wekesa,

Hamjambo huko Webuye? Miguu ya baba imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila joto la huku linakausha hata midomo. Barua hii nimempa Ruth, rafiki yangu anayerudi nyumbani, maana kwenye simu ningeshindwa kuyasema haya.

Bosi wangu ni injinia Mjapani. Mke wake wa kwanza alifariki akaacha binti wa miaka saba, Hana. Madam ni mke wa pili. Siku moja nilimsikia akimtaja Hana kwenye simu kwa neno la Kijapani, "mamako", ambalo si mamako wa kwetu. Nikalitafuta: mtoto wa kambo. Tangu hapo sikumwamini. Wewe uliyeolewa na baba nikiwa na miaka minane, ukawa mama yangu wa kambo, unajua kwa nini. Nikimwogesha Hana, nilimkagua mikono na mgongo. Sikuona alama, lakini sikutulia.

Kisha picha ya marehemu ikatoweka chumbani kwa mtoto. Nilimuuliza madam waziwazi, nikijua naweza kufukuzwa. Akaitoa kwenye mkoba wake. Kioo kilikuwa kimepasuka, naye alikuwa ameipeleka Dira, kule sokoni, kutiwa fremu mpya.

Akaketi nami jikoni. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga akanieleza kwamba kwao mama wa kambo na mama mkwe huweza kuitwa jina moja, giri no haha, na giri ni wajibu.

"Hana ananiita mama," akasema. "Sijui kama ananipenda au anatimiza wajibu."

Nilikuwaza wewe. Jumapili tatu nimepiga simu niongee na Imani wangu, niliyemwacha kwako hajaanza kutembea. Mara amelala, mara ameenda kwa jirani. Nilidhani unamtesa. Nisamehe, nilimpigia mwalimu wake wa nasari bila kukwambia. Akasema mtoto ana afya, anakuita mama, na simu yangu ikilia anakimbilia nyuma ya nyumba kwa sababu hanijui. Kumbe hilo ndilo ulilokuwa unanificha. Nilijifungia bafuni nikalia.

Usimlazimishe kushika simu. Lakini shaka moja haijaniisha, na nataka ukweli: akikuuliza mimi ni nani, humwambia nini?

Nisalimie baba, ndugu yangu Wekesa, na shangazi Nasimiyu aliyenifungia mizigo siku ya safari.

Ni mimi mwanao,
Nafula