Suruali Iliyokunjwa Mguu Mmoja

Hillbrow, Jumamosi, Julai 2016

Baridi ya leo huku kusini mwa Afrika si ya mchezo. Jua linawaka lakini halina joto, na asubuhi chuma cha cherehani kilinitia ganzi vidoleni. Hata hivyo siwezi kulala kabla sijaliandika hili.

Kwa wageni wa blogu hii: mdogo wangu Shabani ametoka gerezani mwaka huu. Alifungwa kwa kuuza unga, humu humu mitaani. Ana kibali cha kudumu cha kuishi hapa, la sivyo wangemrudisha Tanga. Wamemwachia kwa masharti: alale kwangu, asivuke mitaa waliyompangia, na avae kile kidude cha mguuni, cheusi, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kinawaonyesha watu wa ofisini alipo. Kila siku huketi karibu na soketi akikichaji, mguu umeunganishwa na waya kama simu.

Tangu siku ya kwanza kidude hicho kimenishika akili. Hao watu wanaona nini hasa? Nukta? Na hiyo nukta inajua kwamba tuko ghorofa ya tisa, au inadhani tunalala barabarani? Nilimuuliza Shabani, akacheka. "Dada, nukta ndiyo mimi. Nitajionaje?"

Jambo moja tu lilinikera. Kila akitoka nje hukunja mguu mmoja wa suruali mpaka karibu na goti. Kwenye baridi hii! Mama Neema, jirani yetu Mkongo anayesuka nywele pale chini, alinivuta pembeni: "Dada Mwanahawa, ndugu yako anajivunia gereza?" Nikamshonea Shabani suruali pana, yenye pindo refu, ili kidude kifunikwe. Alinishukuru sana.

Akaikunja.

Leo nimejua kwa nini.

Tulikuwa tunatoka kununua vitambaa, tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, tuvuke. Gari jeupe likapunguza mwendo, kioo kikashuka. Dereva nilimtambua mara moja: ndiye aliyekuwa akimpa Shabani mzigo wa kuuza.

"Shabani! Umepotea, kaka. Ingia tuongee."

Shabani alisogeza mguu mbele kidogo, kama mtu anayeonyesha kiatu kipya.

Yule bwana akatazama chini. Tabasamu likamwisha, kioo kikapanda, na gari likapita huku taa ikiwa bado nyekundu.

Eish. Nilivuka nikivikumbatia vitambaa kifuani. Tulipofika kwenye ngazi za jengo letu ndipo aliponieleza. "Hawa watu siwawezi, Dada. Leo nitakataa, kesho watarudi, kesho kutwa nitakubali. Najijua. Lakini wakikiona hiki wanakimbia wenyewe. Nani anataka kusimama na mtu anayeonekana ofisini?"

Na mimi nilikuwa nikimshonea cha kukifichia!

Kisha akanieleza jambo alilokuwa amenificha. Afisa wake alimpigia juzi. Amefuata masharti vizuri, kwa hiyo wiki ijayo kinavuliwa. Shabani alimwomba akae nacho kidogo zaidi. Afisa alicheka, akadhani ni utani.

Sikucheka. Miezi yote hii nimekuwa nikihesabu kuvuliwa kwake kama sikukuu, kumbe yeye anaiogopa siku hiyo kuliko alivyoiogopa hukumu.

Baada ya chai nikamwambia kuanzia Jumatatu atakaa nami kibandani ninaposhonea, apige pasi na kushona vifungo. Akakubali. Lakini nilimwona hofu usoni: kibanda kina uwazi mbele, na gari lolote linaweza kusimama.

Basi nikavuta kiti, nikakaa kama dereva, nikashusha kioo kisichokuwepo. "Shabani! Umepotea, kaka. Ingia tuongee."

Mara ya kwanza aliangua kicheko. Nikarudia, akainamisha kichwa. Nikarudia tena, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Hapana," akasema, chini chini, kama anayemwomba mtu radhi.

"Sijasikia," nikamwambia.