Tangi la Bwana Haya

Jumatatu, 3 Machi
Mgeni mmoja leo hapa kwenye maonyesho yetu ya samaki kadai arudishiwe kiingilio. Eti tangi lina mchanga tu! Nikamwonyesha macho mawili juu ya mchanga, na pua zile za vijibomba zinazotazama chini. Akasema hizo ni kokoto. Ndivyo samaki wetu mkunga alivyo: anajichimbia kinyumenyume, mkia kwanza. Mkia wenyewe mgumu, umechongoka, hauna pezi. Mchana kutwa kajizika, usiku ndio anatoka kuwinda kwa kunusa. Wageni wanamwita nyoka. Shangazi, ninayefanya naye kazi hapa, anamwita Bwana Haya.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya jambo baya. Shangazi alishanikataza: mkunga hahamishwi bila ndoo ya mchanga. Mimi nilikuwa na haraka ya kuosha tangi, nikamtia kwenye tangi la chewa, yule samaki wetu mkubwa — kidogo tu, nikajiambia, atajizika papo hapo. Kumbe kwa chewa sakafu ni saruji, mchanga wake wa kunyunyiza tu. Maskini akagonga kwa mkia huku na huku, anatafuta pa kuingilia. Chewa akafungua mdomo. Basi.
Haraka haraka haina baraka, nimeimbiwa tangu utotoni. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna aliyegundua! Tangi bila mkunga ni lilelile. Nimetupa kamba wawili mchangani mbele ya Shangazi, alipoondoka nikawatoa. Kisha likaja darasa la watoto. Shangazi akawaambia yupo humo, ana haya tu, wamwamkie. Wote kwa pamoja: shikamoo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 9 Machi
Chewa hali. Kajiegemeza pembeni, tumbo limevimba upande mmoja. Nimesoma kwamba mkunga akimezwa mzima huweza kulitoboa tumbo la samaki kwa ule mkia, akitafuta njia. Pengine alidhani kapata mchanga. Nimelia chooni.

Jumatano, 12 Machi
Daktari wa wanyama kampa chewa dawa ya minyoo. Minyoo! Meneja anasema kosa ni dagaa wabovu, na mnunuzi wa dagaa ni Shangazi. Shangazi aliyenitafutia kazi hii. Aliyemlea chewa tangu anaenea kiganjani. Hakujitetea. Jioni akaniuliza, "Mwanangu, hukuona kitu chochote?" Nikasema sikuona.
Wanasema ulimi huponza kichwa. Ukimya wangu unaponza kichwa cha mwenzangu.

Ijumaa, 14 Machi
Shangazi kasimamishwa kazi. Daktari kasema angejua kilichomo tumboni angempasua chewa leo na huenda akapona; kupasua kwa kubahatisha hathubutu.
Shangazi kaja kuchukua viatu vyake vya mpira. Kumuaga chewa hawezi, ataangua kilio mbele ya wageni. Anataka kumuaga Bwana Haya. Asubuhi yote amekaa mbele ya tangi, kamba kwenye koleo la kulishia, anamtikisa juu ya mchanga.
"Leo hatoki," akaniambia. "Njoo umlishe wewe. Amekuzoea wewe."
Nikasema nafuata koleo dogo. Niko stoo, naandika nimesimama. Koleo ninalo mkononi. Chumba cha pili daktari anafunga mkoba wake, nasikia zipu. Na Shangazi ananiita, taratibu, asije akamshtua mkunga —