Kisarafu alichovaa Shani

Mama Warda, mwambie Warda avitupe vile visarafu alivyoachiwa na yule mzungu hotelini. Vyote. Sasa hivi!

Kile Warda alichompa Shani wangu, Shani alikitoboa akakivaa shingoni kama pauni ya dhahabu ya bibi yake. Picha imefifia, hakuitazama hata. Leo anamlisha mtoto wa madamu tunayemfanyia kazi, mtoto akakivuta. Madamu akakisogeza dirishani. Mwanamume na mwanamke, uchi, kitandani!! Nyuma alama za ajabu.

"Sihiri! Unamroga mwanangu?"

Kaka wa madamu akakigeuza, akacheka. "Sihiri gani, dada? Hii kopi, wanauziwa watalii. Vyenyewe hasa ni vya Warumi wa kale, na hiyo nyuma ni namba. Wengine wanasema walilipia danguroni, wengine wanasema vya mchezo tu. Hakuna ajuaye."

Nikashusha pumzi kule jikoni, nikajua mwanangu kapona. Kumbe madamu kashika neno moja tu.

"Danguro? Mwanamume gani kakupa?" Danguro, shoga! Shani huyu huyu! "Mwanamume gani?"

Angemtaja Warda angepona yeye, lakini Warda naye angeulizwa kapewa na nani. Shani akasema kaokota. Akapigwa kofi, akasema kaokota. Wamemfungia chumbani, wanamsubiri mume wa madamu wampeleke polisi.

Madamu kaja jikoni. "Wewe mamake, humjui aliyempa?"

Nikasema simjui.

Akiniuliza tena, Mama Warda, sijui kama nitaweza.