Majina Matatu ya Sura ya Saba

Olasiti, Arusha
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Kolumba,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeketi jikoni mahali pako pa siku zote, na lile goti limepunguza kukusumbua. Kahawa mwaka huu zimeshika, au mvua imeangusha maua tena? Na shemeji, kifua chake kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu unaijua kwa kuisikia tu: Mlima Meru hatujauona tangu wiki iliyopita, umejifunika wingu mpaka chini, na sisi tunashinda na masweta.

Nimesema mwili, kwa sababu mengine si mazima. Mara tatu wiki hii nimeshika simu nikupigie, na mara zote nimeiweka chini kabla haijaita. Nikisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati, nawe utashtuka. Acha niandike, kazi yangu ndiyo hiyo.

Mwalimu Anaeli amefariki. Tumemzika Alhamisi nyumbani kwake Akheri, kule juu kwa Wameru, kati ya migomba yake na mfereji. Lakini sikuandikii kwa sababu ya msiba peke yake. Kuna jambo nililomfanyia, na nataka ulijue kutoka kwangu.

Wewe ulinipeleka stendi siku naondoka Mbinga, kwa hiyo unakumbuka nilikuja Arusha kusahihisha makosa ya chapa kwenye kiwanda cha Mzee Harjit, yule Singasinga. Kadi za harusi, kalenda za kanisa, vitabu vya risiti. Kazi ikipungua nilichukua karatasi zilizoharibika nikaandika nyuma yake. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya fundi wa kike mwenye gereji Kisongo, anayetengeneza vyombo vya kwenda angani badala ya magari. Mzee Harjit aliisoma akacheka mpaka kilemba kikasogea, kisha akasema tuichape, watu waone.

Mwalimu Anaeli alikuwa akifundisha fizikia, akaja kuchukua mitihani ya shule yake. Akakiona kijitabu mezani, akasimama palepale akakisoma chote. Mimi nilijifanya nina kazi. Alipomaliza akaniambia, "Binti, nimependa. Ila kuna kosa moja. Huko ulikompeleka fundi wako hakuna hewa, na wewe umemwashisha kibiriti."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Wiki iliyofuata alileta daftari lake mwenyewe, limejaa hadithi alizokuwa akizificha kwa miaka mingi, za sayari na mashine na wazee wanaoongea na mvua. Tukaanzisha jarida, *Kesho Kutwa*. Yeye mwandishi, mimi mwandishi na mhariri. Tulichekwa sana, dada. Mchapishaji mmoja alitutazama akasema, "Andikeni vitabu vya shule. Nani atasoma roketi kwa Kiswahili?" Lakini walisoma. Mwalimu mmoja wa Engutoto alikuwa akilisoma jarida letu darasani kila Ijumaa. Watu wakaanza kunitumia miswada kutoka Kigoma, kutoka Tanga, hata muuguzi mmoja wa Lindi aliyeandika vizuri kuliko sisi wote. Nikatoa riwaya zangu mbili unazozijua. Hapa mtaani naitwa Mama Roketi, na sichukii.

Nilijulikana zaidi kwa kukata. Waandishi walisema, "Ukimpelekea Winfrida kurasa mia, zitarudi sitini, na utamshukuru." Nami nilijivunia hilo.

Mwalimu aliandika riwaya moja tu maishani, ilimchukua miaka tisa. Ni habari ya watu wa Meru waliohamia kwenye mwezi wa sayari ya mbali, wamebeba vichipukizi vya migomba. Nadhani ni kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwangu. Ila sura ya saba ilinikera. Ndani yake hakutokei jambo. Kuna bibi mmoja, kila asubuhi anasuuza vikombe vitatu, anavipanga, halafu anaita majina matatu ya watu ambao hawakupanda chombo. Aikaeli. Nderimo. Anande. Anasubiri kidogo, kisha anaendelea na kazi zake. Kurasa kumi na mbili.

Nilichukua kalamu nikaandika pembeni, kwa mkono wangu huu ninaokuandikia: "Hawa ni akina nani? Hawana kazi katika hadithi. Kata."

Alikuja kiwandani ameshika kurasa zile. Hakukasirika.

"Mhariri," akasema, "sura hii haifai?"

"Inafaa, Mwalimu, lakini inasimamisha safari. Msomaji anataka kujua kama chombo kitatua salama, wewe unamkalisha asubuhi nzima na bibi anayeita majina."

"Na majina yenyewe?"

"Ni mazuri. Lakini hawa watu hatuwaoni popote. Hawafanyi kitu."

Alizitazama zile kurasa, akazikunja mara mbili, akazitia mfuko wa ndani wa koti. "Ni kweli," akasema. "Hawakuwahi kufanya kitu."

Nami nikarudi kwenye kazi yangu. Nilisikia alivyosema "hawakuwahi", dada. Mimi nasoma maneno ya watu kila siku, nalijua neno lililobeba kitu. Nililisikia, nikaliacha lipite kwa sababu tulikuwa na tarehe ya kwenda mtamboni.

Siku ya kuzindua kitabu, mkewe, Mama Elibariki, alikaa mstari wa mbele amevaa kitenge kipya. Alipopewa nakala yake hakusikiliza hotuba hata moja. Alifunua ukurasa mmoja mmoja, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akaanza tena. Nilidhani anatafuta picha. Alipomaliza akakifunga, akakiweka mapajani, akaangalia mbele. Baada ya hapo Mwalimu hakuandika tena hadithi. Nikimuuliza alisema macho yamechoka. Nilimwamini.

Ilipita miaka saba. Mwaka huu, mwanzoni mwa masika, kiharusi kikampiga akiwa shambani. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Yule mtu aliyekuwa na jina la kila nyota alikuwa akitaka maji anashindwa kusema maji. Kila Jumamosi nilipanda Akheri kumtazama. Mama Elibariki alinipa loshoro, yale mahindi yao ya maziwa mgando, tunakaa naye, mimi namsomea miswada ya vijana, yeye anaminya kidole changu akiipenda.

Jumamosi moja tulipomketisha kwenye kiti, akaanza kusema. Polepole, kwa shida, mdomo umepinda. "Ai-kaeli." Akapumzika. "Nderi-mo." Akapumzika. "Ana-nde."

Nilifurahi, dada! Niliruka kama mtoto. Nikamshika Mama Elibariki mkono nikamwambia, "Mama, anakumbuka! Anaitaja ile sura niliyoikata!"

Akanitazama. "Sura gani?"

"Sura ya saba. Ya bibi na vikombe. Yalikuwamo majina hayo hayo, mimi nikamwambia aitoe."

Aliweka bakuli chini. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ni wewe uliyeitoa?"

Hapo nilianza kuogopa. "Ndiyo, mama."

"Hao ni wanangu," akasema. "Kabla ya Elibariki. Wa kwanza alikaa siku tisa. Wa pili hakulia kabisa. Wa tatu, Anande, alishajua kucheka. Tuliwazika hapo nyuma, na wakati ule wazee hawakutaka tuwataje. Walisema tutamzuia mtoto anayekuja. Nikanyamaza miaka yote hiyo. Halafu mwenzangu akaniambia, Mama, nimewaweka kwenye kitabu, watasomwa. Nilingoja hicho kitabu, Winfrida. Nilikitafuta ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu. Nikasema moyoni, kumbe amewaonea aibu."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Naye hakusema. Miaka saba tumelala kitanda kimoja, mimi nikidhani amewakana wanawe."

Mwalimu alikuwa akitusikia. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. Alikuwa amelificha kosa langu, dada, unaelewa? Angeweza kumwambia mkewe, "Ni mhariri aliyekataa," na mambo yangekwisha siku ile ile. Hakusema. Sijui ni kwa sababu aliniheshimu, au aliona kweli hawakuwa na kazi katika hadithi, kama nilivyomwandikia. Sitajua kamwe, maana hakuwa na maneno ya kunijibu.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Mama Elibariki hakunifukuza. Alinipita akaenda kwa mumewe, akavuta kigoda akakaa miguuni pake, akaanza kusema yale majina pamoja naye. Mwalimu anapokwama, yeye anamalizia. Niliwaacha nikatoka. Nilishuka kwa miguu mpaka Tengeru, nikipitwa na magari yenye nafasi.

Kesho yake nilianza kuitafuta ile sura. Kiwanda cha Mzee Harjit kilishafungwa, mzee mwenyewe alishatangulia, mashine zimeuzwa, na kompyuta ya zamani wanawe hawajui ilikoenda. Nilipekua maboksi yangu yote. Mama Elibariki alipekua koti, kabati, mpaka Biblia. Haipo. Nilijaribu kuiandika upya kwa kumbukumbu, nikaweza sentensi moja ya vikombe. Kurasa kumi na mbili nilizisoma mara tatu kwa bidii ili nijue jinsi ya kuziondoa, na sasa sina hata aya moja.

Mwalimu alikaa wiki tano baada ya siku ile. Mama anasema zilikuwa wiki nzuri, walikuwa wakiwataja asubuhi na jioni. Alikata roho saa nne asubuhi, ameshikwa mkono.

Mazishini nilipangiwa kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu. Nilikuwa nimeuandika vizuri, umenyooka. Kabla sijasimama Mama Elibariki alinisogelea, akaniondolea karatasi yangu mkononi, akanipa yake, ya daftari, kwa mwandiko wake.

"Soma hii," akasema. "Usikate hata neno."

Ilikuwa ndefu, dada. Ilirudia mambo, ilitaja ng'ombe, ilitaja shemeji wa shemeji. Mchungaji aliangalia saa. Nikafika mahali palipoandikwa: marehemu alijaliwa watoto wanne. Nikawataja wote wanne kwa sauti, mbele ya watu wa Akheri nzima. Kina mama wazee waliokuwa wamekaa chini ya turubai walianza kulia, wengine wakiitikia kwa Kimeru. Elibariki mwenyewe, mtu mzima aliyekuja na watoto wake kutoka Mwanza, aliinua kichwa akamtazama mama yake. Hakuwa amewahi kuyasikia yale majina matatu.

Nilimaliza kusoma, nikaketi, na tangu hapo sijaweza kuhariri. Miswada minne iko mezani. Toleo la mwezi huu halitatoka, na la mwezi ujao sijui. Kijana mmoja wa Kigoma ameniuliza kama nimeona hadithi yake, nimemjibu bado. Nikishika ukurasa wa mtu naogopa kila mstari.

Jana nilipanda tena kumwona Mama Elibariki. Nilipoanza tu kusema, "Mama, nisamehe," akanikatiza.

"Winfrida, sijafika huko. Usiniombe kila ukija, unanichosha. Wewe njoo tu."

Basi nitakwenda tu. Alinipa ndizi za kubeba, nikazipokea.

Sasa dada, kuna neno moja limebaki, na ndilo limenifanya nisipige simu. Nilipokuwa shuleni bweni, kidato cha pili, nilirudi likizo nikakukuta umekonda, tumbo halipo, na mtoto hayupo. Shangazi akaniambia nisiulize. Sikuuliza. Ulinichemshia maharage, ukanifulia sare, ukaniuliza habari za mitihani, na mimi nikakujibu za mitihani. Imepita zaidi ya miaka thelathini. Nimeandika watu wa sayari sita, nimewapa wote majina, na sijui mtoto wako aliitwa nani, wala kama alikuwa wa kike au wa kiume.

Kama hutaki kusema, usiseme, nami sitakuuliza tena. Lakini ukitaka, niandikie. Au ngoja nije mwezi wa kumi na mbili, tukae jikoni, uniambie yote. Sitakukatiza.

Nisalimie shemeji, mwambie ile dawa ya kifua nitaituma kwa mtu wa basi. Msalimie baba mdogo katekista, na shangazi yetu mkunga, mwambie simlaumu kwa kunikataza kuuliza. Wabusu wajukuu.

Mdogo wako anayekupenda,
Winfrida