Everline Nalianya, Uliyeendelea Kuandikiwa
(Alifariki Machi 1998; kumbukumbu ya mwaka mmoja, Machi 1999)

Ni mwaka mmoja sasa, Everline, tangu homa ya siku tatu ikuchukue, na nyumba hii ya Donholm haijatulia.

Ulikuwa mtu wa kucheka na kukazana. Wenzako wakienda kula mchana, ulibaki kwenye ofisi ya Bwana Gichuru ulikopiga chapa, ukaunganisha kompyuta na simu, ukasoma barua pepe za kikundi chenu cha wanawake wa kompyuta, wa Nyeri, wa Kampala na wa mbali zaidi. Hamkuwahi kuonana, lakini mliwekeana sharti kwamba swali la mwenzenu lisipitishe juma bila jibu. Jumamosi uliwasomea barua hizo wasichana wa kanisani Mukuru kwa Reuben. Dada yako Nafula alikutania kwamba una marafiki wa hewani. Ulimjibu kwamba wa hewani hawaji kuomba chumvi.

Ulipofariki tuliwaambia kanisa, chama, majirani, hata redio ikatangaza. Wale wa kompyuta hakuna aliyewakumbuka.

Miezi saba baadaye Nafula alikwenda kuchukua sweta yako ofisini. Bwana Gichuru akampa bahasha nene ya barua zako, alizokuwa akizichapisha kwa kukosa moyo wa kuzifuta. Nyingi zilitoka kwa Lydiah wa Nyeri, msichana pekee katika darasa la kutengeneza kompyuta. Mwalimu alimwambia kuwa bisibisi si mwiko wa ugali. Alikuuliza afanyeje, akauliza tena. Ya mwisho ilisema: “Dada Everline, hata wewe umenichoka? Basi naacha chuo.”

Tangu hapo Nafula hakukalika. Alijilaumu, akatulaumu sote. Yeye aliyeogopa hata kugusa kompyuta alijifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, akamwandikia Lydiah kwamba ulizikwa Bungoma mwezi Machi. Siku tisa alikwenda ofisini kuuliza jibu, akarudi mikono mitupu.

Siku ya kumi likaja. “Nilidhani amenitupa, kumbe amekufa. Poleni. Muhula ukifunguliwa narudi chuoni.”

Amerudi, ila amepoteza miezi kwa kunyamaza kwetu. Tusamehe, Everline. Tulikuzika vizuri, tukawasahau watu wako.

Unakumbukwa na mama yako Roselyda, dada yako Nafula, kaka yako Wamalwa, na wanawake wa kompyuta, ambao safari hii tumewaandikia kwanza. Maisha yetu yote hatutakusahau.

Picha iliyo hapo juu ameiomba Lydiah. Hajawahi kuuona uso wako.