Mapanga ya Mvule

Jumatano, mwezi wa nane

Eti nakshi inaharibu upepo. Mie niliyechonga milango hapa Keko kabla Injinia Rehema hajaota meno.

Yeye ndiye kaniletea kazi. Chuo chao wanajaribu umeme wa upepo kule Kunduchi, nguzo imesimama ndani ya maji, maana baharini upepo hauzuiwi na nyumba. Mapanga ya kuzungushwa na upepo yakitoka Ulaya ni ghali, na chuma kinaliwa na chumvi. Nikamwambia mvule uliopakwa mafuta ya papa unaijua bahari kuliko Mzungu. Nikachonga matatu, yote nikayapamba maua kama mlango wa bwana harusi.

Leo tumeyafunga. Yakazunguka kivivu, taa ya majaribio ikawa nyekundu kama kaa la moto.

"Mzee wangu, maua yanaushika upepo," Rehema akasema. "Yapige randa."

"Maua siyagusi."

"Basi tutaagiza ya Ulaya, haya ukapikie pilau."

Nikanuna mpaka alasiri. Halafu nikayateremsha, nikayapiga randa mwenyewe, peke yangu, nyuma ya mashua iliyolazwa ufukweni. Iliniuma.

Tulipoyarudisha, taa ikawaka nyeupe, hata wauza samaki wakapiga vigelegele. Rehema akacheka. "Babu, Ulaya basi. Utaweza mengine kumi na mawili?"

Nikamjibu hayo kidogo, alete mbao tu.

Sikumwambia kwamba siku hizi mkono unatetemeka nikishika randa. Hata mke wangu hajui. Lakini mbao zije. Mkono ukiona mvule utatulia wenyewe.