Jani la Bibi wa Rongui

Samiha, uko hapo?

Semina ya Doutora Inês, yule mtafiti wa mimea kutoka Ureno, imekwisha sasa hivi hapa Palma. Unamkumbuka, yule aliyelala kwetu Rongui wiki mbili, akala mchuzi wa bibi, akamwita "mama"? Bibi alimpeleka mwenyewe kwenye ule mti wetu, ambao majani yake huchemshiwa mwanamke akijifungua. Akampa jani MOJA, tena baada ya kuuamkia mti, kama desturi.

Leo mimi ndiye mkalimani. Bibi kakaa mbele kabisa, kanga mpya.

Doutora akasema wamesoma jenomu nzima ya kloroplasti, yaani maandishi ya urithi yaliyomo kwenye ule ukijani wa jani. Imelingana na jani kavu lililohifadhiwa Ureno. Sawa. Kisha akasema, "Mmea huu ulitoweka miaka themanini iliyopita. Nimeugundua mimi."

MIMI! Kasema mimi, shoga! Bibi hakutajwa hata mara moja.

Na mie nikatafsiri. Neno kwa neno.

Bibi akainuka. "Ulitoweka wapi? Jana asubuhi nimeumwagilia maji niliyooshea mchele! Mwambie huyo muongo."

Doutora akaniuliza, bibi anasemaje? Na weye unajua ndiye aliyeniahidi kazi.

Nikamjibu, "Anasema obrigada." Eti anashukuru!

Samiha, bibi Kireno hakijui. Lakini neno hilo moja analijua. Akanitazama mimi, si Doutora. Akajitanda kanga yake, akatoka.